Maswali ya Wasomaji: GPS ya Kwanza ya Mkononi

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari na ninaishi Buswelu, Mwanza. Jumamosi hutoka kwa baiskeli kupitia Nyakato na Igoma hadi Kisesa, na nikiwa na nguvu hufika Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Jumapili, baada ya ibada, hupanda vilima vya mawe pamoja na wanangu wawili. Hivi karibuni mgeni mmoja alituonyesha mchezo wa jiokeshi, yaani kutafuta visanduku ambavyo watu wamevificha, kwa kufuata koodineti (namba zinazoonyesha mahali), na watoto wameupenda mno. Sasa nataka kununua GPS yangu ya kwanza ya mkononi. Fundi mmoja wa mjini ananiuzia Garmin eTrex 10 iliyotumika. Shemeji yangu anasema simu inatosha, na kwamba GPS itanimalizia bando bure. Mwenzangu kazini anasisitiza ninunue ya bei kubwa kuliko zote kwa sababu ndiyo yenye usahihi. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Buswelu

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kila mmoja kati ya hao watatu ana jambo aliloliona sawasawa na jambo alilolikosea, kwa hiyo nitawachukua mmoja mmoja, nikianza na shemeji yako kwa kuwa kosa lake ndilo lililoenea zaidi mitaani kwetu.

GPS haili bando. Setilaiti za mfumo huo, ambao ni mali ya Marekani na umeundwa uwe na setilaiti zisizopungua 24, huzunguka dunia kwenye umbali wa takribani kilomita 20,200 kutoka ardhini na kutangaza ishara zake kwa kila mwenye kifaa cha kuzipokea, bila malipo na bila kujua ni nani anayepokea. Kifaa cha mkononi husikiliza tu, kama redio inavyosikiliza stesheni, na kwa kulinganisha muda ambao ishara za setilaiti nne au zaidi zimetumia njiani hujua mahali kilipo. Kinachokula bando kwenye simu ni picha za ramani, na hata hizo unaweza kuzipakua ukiwa nyumbani, ukazima intaneti, na nukta yako ikaendelea kutembea juu ya ramani hadi Bujora na kurudi. Kwa hiyo shemeji anaposema simu inatosha, yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani. Ningekushauri uitumie simu hiyo kwa wiki kadhaa kabla ya kutoa shilingi yoyote, ili ujue kwa mwili wako mwenyewe ni wapi inakukwamisha.

Itakukwamisha mahali patatu. Kwanza ni jua: kioo cha simu hung'aa kwa taa yake ya ndani, na saa saba mchana juu ya jiwe jeupe taa hiyo hushindwa, kisha simu ikipata joto huanza kujipunguzia mwanga yenyewe, ilhali kioo cha GPS ya mkononi hurudisha mwanga wa jua na kusomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyokuwa kali. Pili ni vidole vyenye jasho au mvua, ambavyo kioo cha kugusa hakivielewi, lakini kitufe cha mpira hakijali. La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni chaji. Simu ikizimika ukiwa na watoto kilimani, umepoteza ramani na umepoteza njia ya kuita msaada kwa mpigo mmoja. Mimi naiona hiyo kuwa sababu ya kutosha kabisa kwa mzazi kuwa na kifaa cha pili, hata kama kingekuwa hakina faida nyingine.

Sasa nije kwa mwenzako wa kazini. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga makusudi ishara inayotumiwa na raia, na mtu aliweza kukosea kwa makumi ya mita. Uvurugaji huo uliposimamishwa, tarehe 3 Mei mwaka huohuo Dave Ulmer alificha ndoo porini katika jimbo la Oregon na kutangaza koodineti zake ili wengine waitafute, na huo ndio mwanzo wa mchezo ambao wanao wameupenda. Tangu wakati huo, kifaa cha bei ndogo na cha bei kubwa vikisimama pamoja kwenye uwanja wazi, vyote viwili vitakuweka ndani ya mita tano hivi. Ukilipa zaidi unapata kioo bora, ramani, dira, kumbukumbu kubwa na uimara, na vyote hivyo vina thamani yake, lakini mita tano zitabaki mita tano.

Mahali ambapo kifaa ghali hutofautiana kweli ni penye vizuizi, na hapa sisi wa Mwanza tuna jambo letu. Mawe yetu makubwa hurudisha ishara kama ukuta unavyorudisha mwangwi, kwa hiyo kifaa hupokea ishara iliyotoka angani moja kwa moja na nyingine iliyogonga jiwe kwanza ikachelewa, na kikichanganya mbili hizo hukosea. Niliwahi kusimama katikati ya majabali mawili kwenye kilima cha Isamilo nikiwa sijasogeza hata unyayo, na kifaa kikanihamisha mita 20 upande wa ziwani, kikanirudisha, kisha kikanipeleka upande wa barabara, huku kikionyesha kwa ujasiri kwamba usahihi wake ni mita nne. Namba hiyo ya usahihi ni makadirio ya kifaa chenyewe, wala haijui habari za jiwe lililo nyuma yako. Vifaa vinavyopokea masafa mawili ya redio kwa pamoja, kama Garmin GPSMAP 65, hupunguza tatizo hilo bila kuliondoa. Kwa anayeanza, dawa ya bei nafuu ni kutoka nje ya majabali, kusimama peupe dakika mbili, kutazama mshale unaelekea wapi, kisha kwenda upande mwingine wa jabali na kufanya vilevile: pale mielekeo miwili inapokutana ndipo pa kutafuta. Ukibakiwa na mita tano, weka kifaa mfukoni na utumie macho, na hapo watoto watakushinda.

Kuhusu eTrex 10 ya fundi, ni kifaa kigumu ambacho kimewafundisha wengi, lakini kwako wewe nasita, kwa sababu tatu. Haina nafasi ya memori kadi na haikubali ramani za kina, kwa hiyo kwenye njia panda za Kisesa utaona mstari na mshale juu ya kioo kitupu. Kioo chake hakina rangi. Na haina dira ya sumaku, jambo ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo huwasumbua wanaoanza kuliko yote mengine.

Nieleze hilo la dira, kwa maana ndilo litakaloamua ununue kipi. Kifaa kisicho na dira ya sumaku hujua mahali ulipo, lakini hakijui umeelekea wapi, isipokuwa uwe unatembea, kwa kuwa hukisia mwelekeo wako kutokana na nukta mbili zilizofuatana. Ukiwa kwenye baiskeli hutagundua kasoro yoyote, maana daima unakwenda. Ukifika kwenye kisanduku ni habari nyingine: unapunguza mwendo, unasimama, unageuka kutazama kichaka, na mshale ama unaganda ukielekea ulikotoka ama unazunguka ovyo. Mtoto anayeshika kifaa hicho atakuambia kimeharibika. Hakijaharibika; kinakuomba utembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka ndipo kikujibu.

Kwa hiyo, kama mfuko wako unaruhusu, chagua eTrex 32x, ambayo ina dira ya sumaku isiyolazimu kukishika kifaa kikiwa bapa, na pia ina baromita ya kupimia mwinuko. Ikikushinda bei, chukua ndugu yake eTrex 22x, ambayo haina dira wala baromita, ila kwa mambo mengine wanafanana sana: kioo cha rangi, kumbukumbu ya ndani ya GB 8, nafasi ya memori kadi, uwezo wa kustahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, na takribani saa 25 za kazi kwa betri mbili ndogo za AA. Kuna pia eTrex SE iliyotoka mwaka 2023, yenye dira na uwezo wa kudumu muda mrefu sana kwa betri hizohizo, lakini haionyeshi ramani, kwa hiyo inamfaa mtu aliyeamua kwamba ramani itabaki kwenye simu. Kwa safari zako za baiskeli ningependa uwe na ramani mbele yako.

Betri za AA nazisisitiza kwa moyo wote. Kifaa chenye betri ya ndani kikiisha chaji Magu, kimeisha. Chenye AA kinafufuka kwenye duka la kwanza la rejareja. Hata hivyo zile za bei ya chini kabisa, zinazouzwa kwa ajili ya saa za ukutani, huisha upesi, basi nunua za alkalaini kwa dharura na za kuchaji kwa matumizi ya kila wiki. Ukiweka za kuchaji, ingia kwenye mipangilio ukaieleze GPS kwamba hizo ni NiMH, la sivyo itasoma volti zake za chini kama betri inayokata roho na kukuhangaisha mapema. Ukiwa humo kwenye mipangilio, zima kipengele cha masahihisho cha WAAS na EGNOS, ambacho kiliundwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya na kwetu hula betri bila kukupa chochote.

Ramani usiinunue. Vifaa vingi vinavyoingia hapa vimetoka na ramani za Ulaya, na muuzaji anaweza kukutoza kwa hizo, lakini mradi wa OpenStreetMap, unaochorwa na watu wa kujitolea, una ramani ya Tanzania ambayo hutolewa bure katika muundo unaosomwa na Garmin. Unaipakua kwenye kompyuta na kuiweka kwenye kadi, na kazi hiyo haizidi jioni moja.

Kwenye baiskeli, kifungie kifaa kwenye usukani kwa kishikio chake na uongeze kamba fupi iliyofungwa kwenye usukani wenyewe. Changu kilichomoka kwenye makorongo ya baada ya Kisesa na kamba ndiyo iliyokiokoa kisiende chini ya gurudumu. Barabara ya matuta ina hila nyingine: betri huruka ndani ya chumba chake, mguso hukatika kwa nukta ya sekunde, kifaa hujizima, na wewe husemi lolote mpaka ufike nyumbani ukute nusu ya safari haikurekodiwa. Kata kipande chembamba cha mpira wa ndani wa tairi, ukubwa wa kidole gumba, ukilaze kati ya betri na kifuniko ili kizibane zisitikisike.

Ukienda kumwona fundi, iwe kwa eTrex 10 au kifaa chochote kilichotumika, usikijaribie dukani chini ya bati. Fungua chumba cha betri utazame kama vyuma vina kutu ya kijani, pitisha kidole kwenye mpira wa pembeni uone kama umebanduka, kisha toka naye nje penye anga wazi na mkae. Kifaa kilichokaa kabatini muda mrefu, au kilichosafirishwa kutoka bara jingine, hakijui setilaiti zipi ziko juu yake, na orodha kamili ya setilaiti hutangazwa kwa mzunguko wa dakika 12 na nusu, kwa hiyo kukipa kifaa robo saa ni kukitendea haki. Tazama pia tarehe. Hesabu ya wiki ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, na baadhi ya vifaa vya zamani tangu siku hiyo huonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita. Mahali ulipo huweza kubaki sahihi, lakini kumbukumbu za safari zako zote zitakuwa na tarehe za uongo, na hiyo ni hoja halali ya kupunguziwa bei.

Mwisho kwa upande wako, Mwalimu, kuna makosa mawili ya uandishi wa koodineti ambayo ningependa uwafundishe watoto kabla hawajatoka. Kifaa kipya mara nyingi huwa kimewekwa N, yaani kaskazini ya ikweta, na sisi tuko kusini, S. Ukiandika N kwa latitudo ya Mwanza, kisanduku chako kitakuwa Uganda ya kaskazini, zaidi ya kilomita 550 kutoka ulipo. Ukiona umbali wa namna hiyo, usishangae, badili herufi. Kosa la pili halijionyeshi waziwazi. Mchezo huu huandika digrii na dakika zenye desimali, mfano S 02° 31.000. Mtu akiziingiza namba hizo kwenye kifaa kilichowekwa katika digrii za desimali, akaandika 2.31000, anakuwa amesogea takribani kilomita 23 kaskazini, kuelekea ziwani, kwa sababu dakika 31 ni zaidi kidogo ya nusu ya digrii na si sehemu 31 za mia.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina ramani ya zamani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000 niliyoachiwa na marehemu baba. Nikisoma koodineti kwenye ramani hiyo na kuzifuata kwa GPS, nafika pasipo, na tofauti ni mita mia tatu hivi kila mara. Je, ramani ndiyo mbovu au GPS?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Hakuna kibovu, na umefanya vyema kugundua kwamba tofauti ni ileile kila mara, kwa kuwa kosa la kawaida la GPS huyumba huku na huku, wakati lako limesimama mahali pamoja. Kila koodineti huhesabiwa kutoka kwenye umbo fulani la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana kulitumia, na umbo hilo pamoja na mahali lilipoegemezwa huitwa datamu. Ramani hizo za 1:50,000 zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84, na katika nchi yetu namba za datamu hizo mbili hupishana kwa takribani mita 300, zaidi kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Ingia kwenye mipangilio ya koodineti, chagua Arc 1960 na muundo wa UTM, yaani gridi ya mita inayogawa dunia katika kanda, kisha hakikisha kanda inasoma 36 kusini. Halafu nenda kasimame mahali unapopajua kwa hakika kwenye ramani, mathalani njia panda ambayo haijahamishwa, na ulinganishe. Ramani ya baba yako itunze vizuri. Ina majina ya vilima na vijito ambayo ramani za simu hazina. Kumbuka tu kurudisha WGS 84 kila unapotaka kucheza jiokeshi au kumtumia mtu koodineti kwa simu, maana hao wengine wote wako huko.

SWALI: Mhariri, tunaweza kuficha kisanduku chetu cha jiokeshi ufukweni karibu na kijiji? Sisi ni kikundi cha vijana wanne. Na je, mwinuko unaoonyeshwa na GPS yetu yenye baromita tuuamini? Leo unasoma mita 1,160 palepale ambapo wiki jana ulisoma 1,120.
Vijana wa Magu

JIBU: Nianze na la baromita, ambalo ni jepesi. Kifaa hicho hupima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa mwinuko, na kwa kuwa mgandamizo hubadilika na hali ya hewa, hasa wingu la mvua linapokaribia, lazima ukirekebishe kila siku ya safari. Ninyi mna bahati ya kuishi kando ya kipimo kikubwa kilicholala bapa: uso wa Ziwa Victoria uko kwenye takribani mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Simameni ukingoni kabla ya kuanza kupanda, mwandike namba hiyo, na kilima chochote mtakachopanda siku hiyo mtakijua urefu wake vizuri.

Kuhusu kisanduku, mnaweza, na ningefurahi kusikia kimepatikana. Anzeni kwa mwenye eneo na kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, mkimweleza kwa kirefu ni kitu gani na ni kwa nini watu wasiowajua watakuja kuinama vichakani wakiwa na vifaa mkononi, kwa sababu kijiji kisichojua habari hizo kitawakamata wageni hao kama wezi, na hakitakuwa na kosa. Msifiche kabisa karibu na kivuko, daraja, kituo cha umeme wala shule. Kanuni ya mchezo inataka angalau mita 161 kati ya kisanduku na kisanduku, na inakataza kuweka chakula ndani, jambo ambalo kwetu lina maana mara mbili, maana pimbi na siafu watafika kabla ya mchezaji. Msikiweke kwenye matete wala mahali panapolazimu mtu kukanyaga maji: ziwa letu lina kichocho, na mtoto aliyeingia majini kutafuta kisanduku anaweza kuondoka na ugonjwa. Nendeni juu zaidi kuliko mnavyodhani inahitajika. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda yakafunika fukwe ambazo watu walikuwa wakizitembea kwa miguu mikavu.

Koodineti mzichukue siku tatu tofauti na kwa saa tofauti, mkisimama dakika kadhaa kila mara, kisha mtafute wastani, kwa kuwa setilaiti zinazoonekana asubuhi hazijapangika angani kama za alasiri. Chombo kiwe cha plastiki nzito chenye kifuniko cha kukaza, kwani kopo la bati litaota kutu masika ya kwanza. Ndani wekeni daftari dogo la kusaini katika mfuko wa nailoni, na penseli badala ya kalamu, kwa sababu wino huchuruzika unyevu ukiingia na majina ya wote waliofika hufutika.